Kwanini Rosika Schwimmer hakujibu tu "ndiyo"

Dada mmoja anayesoma sheria kaniuliza hivi: "Mwalimu, kwenye somo la uraia tumepitia kesi ya mama wa Hungary aliyenyimwa uraia wa Marekani kwa sababu alisema hatashika silaha. Alikuwa anakaribia miaka 50. Sasa jeshi gani lingemchukua mama wa umri ule? Huyu mama alikuwa nani hasa, na kwanini asijibu tu 'ndiyo' akapewa karatasi zake akaendelea na maisha?"

Dada yangu, nashukuru kwa swali, na hiyo nusu ya pili ndo imenishika, maana kila nikiifundisha hii kesi kuna mwanafunzi anauliza hivyo hivyo, kwanini asidanganye kidogo tu. Jibu fupi ni kwamba ile "hapana" ndo ilikuwa kazi yake ya maisha. Mpaka siku anaulizwa lile swali Chicago alikuwa ameshaipoteza nchi yake na jina lake kwa ajili yake, na afya yenyewe imeshachoka, sasa aje aiuze kwenye fomu? Ila ili uone vizuri lazima nikurudishe nyuma, maana kwenye vitabu vya sheria huyu mama anaanzia mahakamani na kuishia mahakamani, utafikiri kabla ya hapo hakuwepo.

Rosika Schwimmer alizaliwa Budapest mwaka 1877, familia ya Kiyahudi, akakulia zaidi Temesvár, mji ambao leo uko Romania na unaitwa Timișoara. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa mazao, biashara ikafilisika, na binti ikabidi aingie kazini, akawa karani wa mahesabu. Hapo usipapite haraka, kwa sababu wanawake wengi waliojulikana kwenye harakati za wakati ule walitoka nyumba zenye hela, huyu aliingia kwa mlango wa ofisi, akiona mishahara ya wanawake ilivyo na wanavyotumwa. Alianza kuwaunganisha wanawake wa maofisini, halafu mwaka 1904 yeye na Vilma Glücklich wakaanzisha chama cha wafeministi wa Hungary, Feministák Egyesülete, wakidai haki ya kupiga kura, elimu, mishahara, mambo ya ndoa na watoto. Walikuwa na gazeti lao. Alikuwa anaandika, anatafsiri, anapanda jukwaani kuongea lugha kadhaa, na mwaka 1913 mkutano wa dunia wa wanawake waliokuwa wanadai kura ukafanyika Budapest, na yeye alikuwa mmoja wa waliobeba mzigo wa kuuandaa. Ndoa alijaribu mara moja, ikadumu kama miaka miwili hivi ikavunjika.

Baada ya mkutano ule wenzake wa kimataifa wakamwita London awe mwandishi wao wa habari, na hapo ndo historia ikamkuta. Juni 28, 1914 mrithi wa ufalme wa Austria-Hungary anauawa Sarajevo. Watu wengi Uingereza waliona ni habari za mbali huko, zitapita. Rosika yeye alikuwa anaijua nchi yake, anajua hasira ya watu wake, na mapema Julai akiwa mezani na waziri wa fedha wa Uingereza, Lloyd George, akamwambia mambo ni mazito, Austria isipopewa namna ya kuridhika kuna vita. Lloyd George mwenyewe aliandika baadaye kwenye kumbukumbu zake kwamba onyo hilo alilipata kwa huyu mama. Wiki chache mbele Ulaya yote inawaka moto, na Rosika aliyelala London akiwa mgeni wao anaamka ni raia wa nchi adui. Akaacha kazi ile ili asiwaletee wenzake matatizo, akapanda meli kwenda Marekani, akamwona Rais Wilson mwezi Septemba 1914 kumwomba aite nchi zisizopigana zikae zisuluhishe. Wilson alimsikiliza kwa heshima, ikaishia hapo.

Hapo wengi wangerudi nyumbani kulia. Yeye akaanza kuzunguka Marekani mji kwa mji anahutubia, na Januari 1915 wanawake wakakutana Washington wakaanzisha chama cha amani cha wanawake, mwenyekiti Jane Addams. Hotuba za Rosika ni moja ya vitu vilivyowasha ule moto. Zingatia kitu kimoja, wote hawa walikuwa watu wa haki ya kura kwanza, amani ikaja kutokea ndani ya hiyo hiyo. Hoja yao ilikuwa wazi kabisa, kwamba vita inaamuliwa na watu ambao mwanamke hakuwachagua, kwenye mabunge asiyoruhusiwa kuingia, halafu mtoto anayekwenda kufa ni wake. Ukiielewa hiyo utaelewa kwanini Rosika hakuona kazi mbili, aliona moja.

Sasa twende The Hague, mimi hapa ndo napapenda kuliko kote.

Aprili 28, 1915, vita ina miezi tisa, wanawake zaidi ya 1,100 wanakutana The Hague, Uholanzi, kutoka nchi 12, na kati yao kuna wa nchi zinazouana wakati huo huo. Mjerumani amekaa ukumbi mmoja na Mbelgiji ambaye nchi yake imekaliwa na Wajerumani! Aliyeukaribisha mkutano ni daktari Aletta Jacobs wa Uholanzi, mwenyekiti Jane Addams. Waingereza karibu 180 walitaka kwenda wakazuiwa, usafiri wa Bahari ya Kaskazini ukafungwa, wakafika watatu tu, wawili walikuwa wameshavuka kabla na mmoja alikuja na Wamarekani. Wamarekani nao meli yao Noordam ilishikiliwa pale Dover wanakaa wanaangalia nchi kavu kwa mbali siku zinakwenda. Magazeti yaliwaita kila jina.

Wakapitisha maazimio 20, mengine ukiyasoma leo utafikiri yameandikwa baada ya vita na sio katikati, mfano kwamba ardhi isihamishwe kutoka mtawala mmoja kwenda mwingine bila ridhaa ya wanaume na wanawake wanaoishi humo. (Mtu wa kwetu lazima aguswe na hilo. Miezi michache kabla, Novemba 1914, Waingereza na Wajerumani walishapigana Tanga, na watu wetu walikuwa wanaswagwa kubeba mizigo ya majeshi, wakafa maelfu kwa maelfu njiani kwa njaa na magonjwa. Kariakoo ya Dar jina lake limetokana na hao wapagazi, na Kariokor ya Nairobi vile vile. Ukumbi wa The Hague hakukuwa na ujumbe hata mmoja kutoka Afrika, na hilo ni pungufu kubwa, nalisema kwa uchungu kwa sababu nawapenda hawa wanawake.)

Basi siku ya mwisho, maazimio yamekwisha, watu wanafikiria kufunga mizigo, Rosika anasimama na pendekezo: tusiishie kuandika, tuchague wajumbe wayachukue haya maazimio kwa mikono yao mpaka kwa wafalme na mawaziri, wa pande zote mbili. Ukumbi ukasita, wengi wakaona ni wazimu, hata Addams mwenyewe alikuwa na mashaka. Alichowaambia Rosika ni kwamba kama akili ndo imetufikisha hapa tulipo basi ni wakati mioyo nayo ipewe nafasi ya kusema, na kwamba wana wetu wanauawa kwa mamilioni na sisi kinachoweza kutupata kwenye milango ya wafalme ni kukataliwa tu. Pendekezo likapita. Mimi nikiifikia hiyo sehemu darasani huwa nasimama kidogo, maana hebu fikiria, mtu ambaye hana hata kura anapendekeza aende kugonga kwa mfalme.

Na walikwenda kweli. Kundi moja la Addams na Jacobs likapita Berlin, Vienna, Roma, Paris, London na kwingine, kundi la Rosika na Chrystal Macmillan, Emily Balch na wenzao likaenda nchi za Skandinavia na Urusi. Mawaziri waliwapokea, waliongea nao vizuri, wengine hata walikiri kwamba usuluhishi wa nchi zisizopigana usingewaudhi. Ila hakuna aliyetaka kuonekana wa kwanza kuomba. Ule mkutano ndo uliozaa jumuiya ya wanawake ya amani na uhuru, WILPF, ipo mpaka leo, na wawili wa The Hague walikuja kupata Nobel ya amani, Addams mwaka 1931 na Balch 1946.

Meli ya Henry Ford nitaipitia haraka kidogo kwa sababu watu wamezoea kumhukumu kwa meli tu. Novemba 1915 Rosika akafika kwa Ford, tajiri wa magari, ambaye alikuwa ametangaza hadharani kuwa anaichukia vita. Alikuwa na mkoba mweusi haumtoki mkononi, ndani yake makaratasi ya zile safari zao, maneno ya mawaziri, na hakuwa anayaonyesha ovyo. Ford akakubali, akakodi meli Oscar II, na Desemba 4, 1915 ikaondoka Hoboken, New Jersey, bendi inapiga na umati bandarini, Ford akisema vijana watatoka kwenye mahandaki kabla ya Krismasi. Kuna mtu alileta kindi kwenye tundu kuwakejeli kwamba wote humo ni vichaa. Na kwa kweli mle ndani hakukutulia, waandishi wa habari wamejaa wanatafuta ugomvi waupeleke gazetini, wajumbe wakagombana kuhusu mpango wa Rais Wilson wa kuliimarisha jeshi, na ule mkoba ukawa kesi, waandishi wanataka kuona ndani na mama hataki. Ford akaumwa mafua, na walipofika Norway akaondoka kimya kimya kurudi kwao kabla ya hiyo Krismasi yenyewe. Kazi iliendelea bila yeye, mkutano wa nchi zisizopigana ukakaa Stockholm mwaka 1916, lakini Rosika mwenyewe alijiuzulu mapema, amechoka na ameumwa, na lawama zote wakambebesha yeye.

Nikwambie ukweli, alikuwa mtu mgumu. Alipenda kuamua peke yake, hakuwa na subira na watu wa polepole, na wenzake waliompenda sana nao walilalamika. Lakini mimi nikipima, wanaume waliokuwa wanapeleka vijana kwenye zile mahandaki nao walikuwa wagumu, na hakuna gazeti lililowaita vichaa. Ford mwaka 1917 viwanda vyake vilikuwa vinatengeneza vifaa vya vita, na watu wakaendelea kumsifu.

Vita ikaisha, Hungary ikapata serikali mpya ya Mihály Károlyi, na mwisho wa mwaka 1918 akamteua Rosika kuwa balozi Uswisi. Mwanamke balozi wakati ule, nchi nyingi mwanamke bado hana kura! Haikudumu, miezi michache akarudishwa. Halafu Machi 1919 wakaja wakomunisti wa Béla Kun, hawakumtaka, wakaondolewa, akaja Admirali Horthy na watu wake ambao walikuwa wanawawinda Wayahudi na yeyote aliyekuwa na Károlyi, na Rosika alikuwa vyote viwili, na juu yake ni mfeministi na mpinga vita. Akatoroshwa kwenda Vienna mwaka 1920, na 1921 akaingia Marekani, akapokelewa na rafiki yake Lola Maverick Lloyd aliyekuwa anaishi karibu na Chicago.

Sasa ona kilichomkuta huko. Marekani ya miaka ya 1920 ilikuwa na hofu ya ukomunisti kila kona, na watu wakaanza kuandika kwamba huyu mama ni jasusi, mara wa Wajerumani, mara wa Warusi, kwamba alimtapeli Ford. Mialiko ya kuhutubia ikakauka, na ndo ilikuwa riziki yake. Alishtaki kwa kuchafuliwa jina na mwaka 1928 akashinda, lakini unajua mwenyewe, uongo ukishazunguka haurudi wote.

Katika hali hiyo akaomba uraia. Ndani ya fomu, swali la 22, linauliza kama ikibidi yuko tayari kushika silaha kuilinda nchi. Akaandika kwamba yeye binafsi hatashika silaha. Basi. Dada, angalia alivyokuwa na nafasi, alikuwa mwanamke, ana miaka 49, anaumwa kisukari, hakuna sheria ingemwita jeshini hata siku moja. Ndo maana swali lako lina uzito. Alipohojiwa mahakamani Chicago alisema yuko tayari kufanya yote ambayo raia wa Marekani anatakiwa kufanya isipokuwa kupigana, kwamba anaipenda katiba yao na hana nchi nyingine anayoitegemea, ila yeye ni mpinga vita asiyebadilika, na kwamba hana ule uzalendo wa taifa moja, anajiona ni wa familia ya binadamu wote. Wakili wa kawaida angemziba mdomo kabla hajafika kwenye hiyo sentensi ya mwisho!

Mahakama ya kwanza ikamnyima mwaka 1927. Mahakama ya rufaa mwaka 1928 ikasema apewe. Serikali ikapanda nayo mpaka juu kabisa, ambako wakili wake alikuwa mwanamke, Olive Rabe, na Mei 27, 1929 majaji sita kwa watatu wakamnyima. Jaji Butler aliyeandika kwa niaba ya wengi alisema kuilinda nchi kwa silaha ni wajibu wa msingi wa raia, na sasa sikiliza hapa, kwamba hata kama mtu hawezi kupigana kwa sababu ya jinsia au umri, hiyo haimpunguzii uwezo wa kuwashawishi wengine. Yaani hapo ndo jibu la swali lako la kwanza lilipo. Hawakuogopa kwamba hatashika bunduki. Waliogopa mdomo wake. Kwa namna fulani Butler alimwelewa Rosika kuliko wote waliomcheka, alijua huyu akiongea watu wanamfuata.

Waliopinga walikuwa Sanford, Brandeis, na Holmes. Oliver Wendell Holmes alikuwa na miaka 88, na sio mtu wa amani hata kidogo, ni askari wa vita yao ya wenyewe kwa wenyewe, alijeruhiwa mara tatu. Hakukubaliana na Rosika kwamba vita inaweza kwisha duniani. Lakini aliandika kwamba kama kuna kanuni ya katiba inayodai watu waishikilie kuliko zote ni uhuru wa mawazo, na sio mawazo ya wale wanaokubaliana na sisi, bali uhuru wa mawazo tunayoyachukia. Akaongeza kwamba Waquaker wamechangia kuijenga nchi ile, na hakujua kama Wamarekani wanajuta kushindwa kuwafukuza kwa sababu eti wanayaamini Mahubiri ya Mlimani kuliko wengine. (Waquaker ndo hao wa Kanisa la Friends, ukienda Kaimosi magharibi mwa Kenya utawakuta tele, hawapigani vita tangu enzi na enzi.) Rosika alimwandikia Holmes kumshukuru na mzee akamjibu.

Kushinda moyo wa Holmes hakukumpa pasipoti lakini. Alibaki hana uraia wa nchi yoyote, miaka karibu 20. Wewe ni wa sheria unajua maana yake, lakini kujua kwa kitabu ni kimoja, waulize Wamakonde wa Kwale walioishi Kenya vizazi na vizazi bila kitambulisho mpaka serikali ilipowatambua mwaka 2016, watakueleza vizuri kuliko mimi maana ya kuishi mahali huwezi kusema ni kwako. Rosika aliishi New York kwa msaada wa marafiki, hasa Lola, mwili unazidi kuchoka, na bado hakutulia. Miaka ya 1930 aliungana na mwanahistoria Mary Beard kutaka kuanzisha hifadhi ya dunia ya nyaraka za wanawake, kwa sababu aliona kazi za wanawake zinatupwa wakifa. Mwaka 1937 yeye na Lola wakaanzisha kampeni ya serikali moja ya dunia, hapo Hitler yuko madarakani Ujerumani. Mwaka huo huo marafiki zake wa nchi mbalimbali wakamchangia wakampa zawadi ya amani ya dunia, kwa sababu ile ya Nobel, inayotolewa Oslo, haikuwa imemfikia.

Na ile hukumu? Aprili 1946 ililetwa kesi ya Girouard, Mkanada, Msabato, ambaye naye alijibu lile swali la silaha kwamba hapana kwa sababu ya dini yake, ila yuko tayari kutumika jeshini bila silaha. Mahakama ile ile ikasema tulikosea mwaka 1929, ikaifuta kesi ya Schwimmer. Kwa hiyo sheria iliyomnyima ilianguka yeye akiwa hai, anasoma gazetini. Haikumfanya raia. Agosti 3, 1948 akafa New York, jina lake likiwa limependekezwa kwa Nobel ya amani ya mwaka ule, na mwaka ule zawadi haikutolewa kwa mtu yeyote.

Kwa hiyo dada ukirudi kwenye hiyo kesi usianze na Butler kama wanavyokupangia, anza na maoni ya Holmes, ni mafupi, dakika kumi unamaliza. Halafu tafuta makaratasi ya mama mwenyewe, yako maktaba kuu ya New York kwa jina lake na la Lola, maboksi kwa maboksi, alitunza kila barua kwa sababu aliogopa watakuja kumwandika watu wengine. Ukipata nafasi ya kufika huko omba yale ya mwaka 1915.